Besi Imetosha, Sasa Tusikie Maneno

Madishi ya Ujiji yanatazama ziwani. Ukitoka Mwanga ukaelekea Kitongoni, utayaona juu ya bati na pembeni mwa kuta, mengi yakiwa yamegeuzwa magharibi, ng'ambo ya Tanganyika, upande wa Kongo. Sababu iko angani. Setilaiti inayoleta matangazo ya Azam imekaa nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, karibu na anga la kisiwa cha São Tomé kwenye Ghuba ya Guinea, na sisi Kigoma tuko karibu nyuzi 30. Kwa hiyo fundi wa hapa huligeuza dishi magharibi, kaskazini kidogo, kisha huliinua kufikia nyuzi kama 63 kutoka upeo wa macho. La DStv ni habari nyingine: setilaiti yake iko nyuzi 36, mashariki yetu kidogo tu, na mawimbi yake yanashuka karibu na utosi.

Mashujaa, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City kwenye mchujo, ikicheza uwanja wa Lake Tanganyika, mtu anayekaa jirani na uwanja anazisikia kelele za mashabiki kwa masikio yake. Picha anayoiona sebuleni, kwa upande wake, imepanda karibu kilomita 36,000, ikashuka kilomita nyingine kama hizo, ikaingia dishini na kupita kwenye waya hadi kwenye king'amuzi. Safari yote hiyo inaishia kwenye vispika viwili vidogo vilivyofichwa mgongoni mwa runinga, vinavyoongea na ukuta. Mtangazaji ametaja jina la mfungaji, na wanaotazama wanaulizana nani amefunga.

Hilo ndilo linalonikera. Kigoma tumenunua mlio, na maneno yametupotea. Sabufa zimejaa majumbani, za taa nyekundu na bluu, na mtoto akiiwasha asubuhi mtaa mzima unajua. Lakini mama mzee anayetaka kusikia taarifa ya habari ya saa 2 usiku anaomba sauti iongezwe. Ikiongezwa, vyombo vya kabatini vinatetemeka na yeye bado hajasikia. Tunadhani dawa ni kununua mashine kubwa zaidi. Mara nyingi dawa ni kuigeuza mashine tuliyo nayo, kuutazama mgongo wake, na kuchomeka kila waya mahali pake.

Tatizo lenyewe limekuja na runinga bapa. TV ya chogo ilikuwa pana na nzito, na spika zake zilitazama mbele, kwa hiyo sauti ya msomaji wa habari ilimfikia mtu moja kwa moja. Runinga za sasa ni nyembamba kiasi kwamba spika imekosa pa kukaa. Imewekwa chini au nyuma. Picha imekuwa safi kuliko wakati wowote tangu ITV ilipoanza kurusha matangazo Bara mwaka 1994, na sauti imerudi nyuma. Ndipo sabufa ikaingia kuziba pengo. Imeliziba vibaya, kwa sababu kazi ya spika kubwa ya sabufa ni mngurumo wa chini, na maneno ya binadamu hayakai huko. Maneno yanakaa kwenye sauti za kati, zinazotolewa na spika ndogo ambazo wengi wetu tumeziweka sakafuni nyuma ya kochi.

Kabla ya waya, neno moja kuhusu wati. Boksi la sabufa huandikwa wati elfu kadhaa, kwa herufi kubwa, pamoja na kifupi PMPO. Idadi hiyo haina kazi yoyote nyumbani kwako. Igeuze mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaokula. Kama kimeandikwa wati 60, basi haiwezi kutoa sauti ya zaidi ya wati 60, hata boksi liseme nini, maana mashine haitoi nguvu isiyoingia. Kipimo cha kuulizia dukani ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Anayekaa Mwamgongo au Kagunga na kutumia sola analijua jambo hili kuliko sisi wa mjini, kwa sababu betri yake haidanganyiki: mashine ikila sana, usiku wa manane giza linaingia.

Sasa tuje kwenye ufungaji. Zipo mashine za aina tatu katika sebule za kwetu. Ya kwanza ni sabufa ya kawaida, yenye spika ndogo mbili, tatu au nne. Ya pili ni homu thieta ya kiwandani, yenye deki ndani yake na spika tano pamoja na bufa. Ya tatu, iliyo adimu lakini inaongezeka, ni risiva kamili, ile mashine nzito yenye matundu mengi nyuma, inayonunuliwa peke yake na spika zikatafutwa kando. Majina ya kampuni hayana uzito hapa. Kinachotakiwa ni kujua kwamba katika zote tatu lazima pawe na mashine moja inayopokea sauti za vyombo vyote. Ukikosa hilo utakuwa na rimoti nne mezani na hakuna anayejua ipi inapunguza sauti.

Kwenye risiva, king'amuzi, deki na mashine ya gemu vyote vinaingia kwa waya wa HDMI kwenye matundu ya kuingilia. Kisha waya mmoja wa HDMI unatoka kwenye tundu la kutokea la risiva kwenda kwenye runinga. Sauti inabaki kwenye risiva na picha inapita. Basi. Wanaokosea huchomeka king'amuzi kwenye runinga, deki kwenye runinga, halafu wanatafuta namna ya kuitoa sauti kwa waya wa tatu, na hapo ndipo vurugu za nyaya huanza.

Nyuma ya runinga nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2009 kuna tundu moja la HDMI lililoandikwa ARC pembeni. Litafute hata kama itabidi uwashe tochi ya simu. Tundu hilo linapitisha sauti kurudi nyuma: waya uleule unaoleta picha kutoka kwenye risiva unaweza kurudisha sauti ya runinga, kwa mfano ya YouTube inayochezwa na runinga yenyewe au ya flashi iliyochomekwa kwenye runinga. Upande wa risiva nao una tundu lake lenye maandishi hayohayo, na ni la kutokea, si la kuingilia. Ukichomeka tundu la jirani, picha itakuja na sauti haitarudi, nawe utasema mashine ni mbovu. Ukishachomeka, ingia kwenye mipangilio ya runinga, chagua sauti itoke nje, na uruhusu vyombo kuwasiliana kupitia HDMI. Rimoti ya runinga itaanza kupandisha na kushusha sauti ya risiva.

Runinga isiyo na ARC huenda ikawa na tundu dogo la mraba linalotoa mwanga mwekundu. Hilo ni la waya wa mwanga, njia iliyobuniwa na Toshiba mwaka 1983. Hubeba sauti ya spika tano na bufa bila shida, ingawa rimoti ya runinga haitaongoza sauti kupitia huko. Na kama hakuna hata hilo, zipo nyaya za AV tulizokua nazo: njano ni picha, nyekundu ni sauti ya kulia, nyeupe ni ya kushoto. Angalia tundu limeandikwa kutoka au kuingia. Nimekuta nyumba ambako waya umetoka kwenye tundu la kuingilia la runinga kwenda kwenye tundu la kuingilia la sabufa, kila upande ukingoja mwenzake aanze kusema.

Kuna kosa jingine dogo ambalo limeuza mashine nyingi bila sababu. Jeki ya milimita 3.5, ile ya kwenye simu, isipoingia hadi mwisho hukosa mguso wa ardhi. Hapo sauti za kushoto na kulia huanza kutoana, na kile kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Kilicho sawa pande zote mbili, mara nyingi, ni sauti ya mtu. Ndiyo maana unasikia biti na vinanda ila mwimbaji ametoweka. Isukume jeki mpaka ilie, mwimbaji atarudi.

Ugonjwa huohuo unajificha kwenye nyaya za spika. Kila spika ina nyaya mbili, chanya na hasi, nyekundu na nyeusi, au waya mmoja wenye mstari ubavuni. Ukifunga spika ya kushoto sawasawa na ya kulia ukaigeuza, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Besi inakufa katikati ya chumba, na sauti ya mtangazaji inakuwa kama inatoka popote na pasipo mahali. Kama huna uhakika na rangi, zima mashine, chomoa nyaya za spika kubwa, gusisha ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa nukta moja tu: karatasi ya spika ikitoka nje, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Usiifanyie hivyo twita, ile spika ndogo ya sauti za juu.

Pia kuna ohm, kipimo cha ukinzani wa spika. Risiva nyingi zinataka spika za ohm 6 hadi 8. Ukiunga spika mbili za ohm 8 sambamba kwenye tundu moja unapata 4, na mbili za ohm 4 unapata 2, na hapo risiva inachemka, inajizima, mwishowe inaungua. Spika za homu thieta za kiwandani huwa za ohm 3 au 4, zimetengenezwa kwa ajili ya mashine yake tu. Mashine hiyo ikifa, spika zake zisihamishiwe kwenye risiva kamili kwa kuonewa huruma.

Nafika sasa kwenye spika ninayoitetea kuliko zote, ile ya kati. Ni ya mlalo, haina mbwembwe, na kwa sababu hiyo watu huiacha ndani ya boksi au huiweka chini ya meza. Katika filamu iliyorekodiwa kwa njia sita, yaani za spika tano na bufa, karibu mazungumzo yote yamepangiwa spika hiyo. Usipoifunga, na risiva haijaambiwa kwamba haipo, maneno yanapelekwa mahali pasipo na spika. Iweke chini au juu ya runinga, uso wake ulingane na masikio ya aliyeketi, isizuiwe na vitambaa vya kabati. Kisha ingia kwenye mipangilio ya risiva uongeze sauti yake kidogo kuliko nyingine. Zile mbili za mbele ziwe mbali kati yao sawa na umbali wa kutoka kwa kila moja hadi kwako. Za nyuma ziwe ubavuni, nyuma kidogo ya masikio. Bufa iondoke kwenye kona, maana kona za kuta za saruji huifanya ingurume hadi ifunike kila kitu.

Hapa linaingia jambo la kwetu ambalo vijitabu vya mashine havilijui. Sehemu kubwa ya filamu zinazotazamwa Kigoma zimetafsiriwa: juu ya sauti ya Kichina, Kihindi au Kiingereza anasimulia mtu mmoja kwa Kiswahili, akiigiza wanaume, wanawake na watoto, akiongeza misemo ya mtaani. Waganda wana wasimulizi wao wanaowaita VJ, Kenya inamjua DJ Afro, na Tanzania ilimjua Lufufu mapema, kisha wakaja wengi. Usimulizi ni sanaa ya masikio. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapobaki nyumbani kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, watu wa Kibirizi na Katonga wana muda wa kukaa mbele ya filamu hizi, na wanachotaka ni kumsikia msimulizi.

Sasa msimulizi hakurekodiwa kwa njia sita. Sauti yake iko sawa kushoto na kulia, imechanganywa na milipuko na muziki. Mwenye risiva akicheza filamu hiyo bila kubadili chochote, spika ya kati inabaki kimya, na zile mbili za mbele zinabeba vita na usimulizi kwa pamoja. Dawa ipo kwenye rimoti: tafuta kitufe cha kubadili mtindo wa sauti uchague Dolby Pro Logic au jamii yake. Mfumo huo hutazama kilicho sawa pande zote mbili na kukituma spika ya kati. Msimulizi anatoka ghafla mbele ya runinga, mahali anapostahili, na milipuko inabaki pembeni. Punguza bufa, pandisha spika ya kati, na hata bibi aliyeketi karibu na mlango atacheka wakati wengine wanacheka. Kitufe hicho hakina gharama yoyote.

Anayetaka kujaribu kwa filamu ya zamani inayogusa ziwa letu aitafute *The African Queen* ya mwaka 1951, iliyompa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Meli ya Wajerumani katika kisa kile inahusishwa na Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Filamu ile ina sauti ya njia moja tu. Kwa mpangilio nilioueleza, karibu yote itatoka spika ya kati, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Muziki ni tofauti. Ukiweka wimbo wa Leka Dutigite, ule wa mwaka 2012 uliowakutanisha wasanii wenye asili ya Kigoma kama Mwasiti, Linex na Diamond Platnumz, rudisha mashine kwenye njia mbili, usikie sauti zikipangana kushoto na kulia.

Nyumba nayo ni sehemu ya mashine. Tuko magharibi ya nchi, jua letu linazama zaidi ya nusu saa baada ya la Dar es Salaam, na linazamia ziwani. Mechi ya saa 10 jioni inakuta jua kali linapenya madirisha ya upande wa ziwa. Usiiweke runinga ikitazamana na dirisha hilo. Iweke kwenye ukuta wa kusini au kaskazini. Kuta tupu za saruji na sakafu ya marumaru huzirudisha sauti na kuzichanganya. Pazia zito, zulia au mkeka mpana na makochi ya kitambaa husafisha maneno kuliko spika mpya. Mvua ikipiga bati lisilo na silingibodi, hakuna mashine itakayoshinda.

Umeme unataka makini zaidi. Kwa miongo mingi mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, ambayo imeanza kuufikia mkoa wetu miaka hii ya karibuni. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoua risiva. Weka stabilaiza au gadi inayongoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kupita. Anayenunua risiva ya mtumba atazame kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa hela: iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na soketi zetu zinatoa 230. Bila transfoma ya kushusha, itaungua siku hiyohiyo.

Na radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kongo, kaskazini ya ncha ya ziwa letu, kuwa mahali panapopigwa na radi kuliko pengine popote Afrika, zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mawingu hayajui mpaka. Wengi wetu huchomoa plagi ya umeme mvua ikianza na kuusahau waya wa dishi, nao ndio unaotoka juu ya paa hadi kwenye king'amuzi, kutoka king'amuzi hadi risiva, kutoka risiva hadi runinga. Ukiuacha, umevifunga vyote kwenye kamba moja. Uchomoe nao, mapema, kabla ngurumo hazijafika. Zikishafika juu yako usiuguse.

Kwa wenye maduka ya Mwanga na Ujiji nina ombi. Vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi vimeandikwa kwa Kiingereza, Kichina na Kifaransa. Andikeni karatasi moja ya Kiswahili, yenye mchoro wa mgongo wa mashine, mumpe kila mnunuzi. Na wewe mnunuzi, usibebe boksi lililofungwa. Omba mashine ifungwe palepale, ichezwe taarifa ya habari na siyo muziki, kaa hatua chache, sikiliza kama unamwelewa msomaji. Kisha bandika plasta kwenye kila waya uandike unatoka wapi na unakwenda wapi, ili siku fundi hayupo hata mtoto aweze kuirudisha. Muuzaji asiyekubali kulifungua boksi mbele yako, mwachie mashine yake.